Injini Iliyopashwa Moto Kabla ya Wageni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa nikiikumbuka hasira hunipanda kifuani, nami ni mzee wa kuvuta uradi, niliyezoea kusubiri na kumshukuru Mungu kwa kila linalopita. Sikukusudia kuisimulia tena. Lakini juzi ulinipigia simu kwa furaha, ukaniambia unakwenda Rusumo kutazama gari lililotumika, la zamani kidogo ila bado zuri, na kwamba mwenye gari ni mtu mwema mno. Amesema usihangaike na usafiri, atakufuata stendi kwa gari hilohilo. Nilinyamaza. Ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, mwanangu. Nilikuwa natafuta maneno ambayo mtu wa umri wangu anaweza kuyasema bila kutukana.

Ngoja nikueleze kilichonipa hasira. Nitakueleza taratibu, maana mambo ya injini hayataki haraka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Nilikuwa nimerudi Biharamulo kutoka jeshini, ambako walinifundisha kuendesha malori na kuyafungua yanapokufa njiani. Baba yangu, ambaye ni babu yako, alikuwa na duka la nguo na chumvi pale mjini, chini ya boma. Unajua asili yetu: mababu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, wakajenga, wakaoa, wakazikwa huku. Mimi nililelewa kati ya duka na msikiti, na namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Rafiki yangu mkubwa wa wakati ule alikuwa Mhangaza wa Kasulo, jina lake Petro. Tulijuana jeshini. Yeye ni Mkristo wa Katoliki, watu wao wamelima kule Ngara tangu zamani. Petro alikuwa na wazo ambalo lilimnyima raha. Maharage na kahawa za watu wa Kasulo zilikuwa zikisubiri usafiri mpaka zinaingia wadudu, halafu anakuja mwenye lori kutoka mbali, anachagua bei anayotaka yeye. Petro alisema, kwa nini lori lisiwe letu? Akawakalisha wadogo zake, akamkalisha baba yao, wakazungumza msimu mzima. Mwishowe wakakubaliana kuuza ng'ombe.

Sikiliza vizuri hapo, maana ndipo penye uzito. Hawakuwa ng'ombe wa ziada. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya wale wadogo zake. Vijana wazima, kila mmoja ana msichana anayemtazamia, wote wakakubali kungoja ili kaka yao anunue lori kwanza. Lori likifanya kazi, mahari itarudi. Lori likifa, nyumba nzima imekwisha, na Petro atabaki kuonwa na wadogo zake kila asubuhi kama mtu aliyewala wake zao. Alinijia akaniambia, "Saidi, wewe unaujua moyo wa gari. Usiniache peke yangu."

Lori lenyewe lilikuwa la mtu wa mji wetu. Nitamwita Bwana Sefu, ingawa jina lake halikuwa hilo, kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki na ana wajukuu wanaosali vizuri. Alikuwa na duka kubwa kuliko letu, na msikitini alikuwa hakosi safu ya mbele. Tasbihi haikumtoka mkononi. Ukimwona, ungemkabidhi hata mtoto wako.

Petro alifika kwetu akiwa na baba yake, Mzee Bartolomayo, mtu mrefu, mkimya, mwenye blanketi begani na rozari shingoni. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe. Kiswahili alikijua cha soko tu, na l na r zilimchanganya, lakini hakujali.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwana wanje," akanijibu, yaani mwanangu, kwa Kihangaza chao. "Hilo roli liko wapi?"

Kabla sijamjibu, ikasikika honi mlangoni. Bwana Sefu mwenyewe, kanzu nyeupe, ameshika usukani, lori limeoshwa mpaka linang'aa na bodi yake imepakwa rangi mpya ya kijani. "Wageni wangu hawatembei kwa miguu!" akapiga kelele. "Pandeni, pandeni! Chakula kinapoa!"

Petro akafurahi mno. Wakulima wa Kasulo, kufuatwa kwa lori na mfanyabiashara wa mjini! Na mimi, niseme kweli, niliona ni heshima kubwa. Ndivyo tulivyolelewa wote, sisi wa mjini na wao wa mashambani: mtu akikufuata mpaka mlangoni, unapanda na unashukuru. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeweza kusema, asante, tutatembea. Bwana Sefu alilijua hilo. Hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Alichukua adabu yetu, kitu ambacho mama zetu walitufundisha kwa fimbo, akaigeuza kifuniko cha kasoro za injini yake.

Tulipofika kwake nilisogea mbele ya lori, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Si moto wa mwendo mfupi wa kutoka kwake hadi kwetu. Ulikuwa moto wa gari lililozunguka tangu alfajiri. Bwana Sefu akaifungua boneti mwenyewe, akawasha. Kugusa tu, ikawaka. Ikawa inaimba taratibu kama cherehani.

"Mnasikia?" akasema. "Mtoto mchanga hawezi kuamka."

Petro akacheka kwa furaha. Mimi sikucheka.

Mwanangu, injini ya moto si ya kuitazama. Chuma kikipata moto hutanuka, na nafasi zilizolika hujifunga kidogo. Oili imeshapanda kila mahali na kuzifunika zile sauti za kugongana. Ufa mdogo uliovujisha maji wakati gari limelala huenda umebanwa kwa muda, na maji yenyewe yameshatoka kwa moshi huko barabarani ambako hukuwapo. Injini iliyochoka, ukiipasha moto na kuitilia oili nzito, inaweza kukudanganya saa nzima. Ikilala mpaka asubuhi ikapoa kabisa, haiwezi.

Nikamwambia kwa adabu, "Bwana Sefu, naomba tuizime, ipoe, tuitazame baadaye."

Akanitazama kama niliyemtemea mate. Kisha akageukia watu waliokaa kwenye baraza ya duka lake akacheka. "Jamani, mtoto wa jirani yangu karudi vitani amekuwa polisi! Saidi, unataka kunikagua? Karibu chakula, baba. Nawa mikono."

Watu wakacheka. Petro akanikanyaga mguu. "Usituaibishe," akaninong'oneza. Maji ya kunawa yakaletwa. Na kwetu, mtu akishanawa mikono kwenye nyumba ya mtu, hainuki tena kwenda kukagua mali ya mwenye nyumba. Anakula, anaomba dua, kisha bei inasemwa kwa upole na mikono inapeanwa. Pilau ilikuwa nzuri. Mbuzi alikuwa laini. Nilitafuna nisijue ninachotafuna.

Baada ya kula Bwana Sefu akajipangusa mdomo akasema, "Basi, wazee, tumalize jambo letu."

Mzee Bartolomayo akauliza, "Bwana, kwako kuna nafasi ya kurara?"

"Ya kulala? Mzee wangu, nyumba yote ni yako! Lakini kwa nini mlale? Tukimaliza sasa mtaondoka na lori lenu kabla jua halijazama."

"Sisi kwetu," mzee akasema, "mtu hanunui ng'ombe mchana. Ng'ombe wa mchana ameshatembea, ameshakula, hata mgonjwa anasimama. Mnunuzi analala kwa mwenye ng'ombe. Asubuhi anamtazama anavyoinuka. Anatazama pua yake, anatazama alipolala, anatazama choo chake. Halafu ndiyo anatoa neno."

"Mzee, hili ni gari!" Bwana Sefu akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka. "Gari halina choo!"

"Nimeliona," mzee akajibu. "Lina choo. Kiko nyuma, kinatoa moshi."

Baraza nzima ikaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Bwana Sefu angefanya nini? Ameshatangaza mbele ya watu kwamba nyumba yote ni yao. Mgeni akiomba kulala, kwetu hajibiwi hapana. Akampa chumba, akampa kitanda chenye chandarua. Mzee akakataa kitanda. Akasema mtu hulala karibu na ng'ombe anayemtaka, akachukua blanketi lake akapanda nyuma ya lori, akajilaza kwenye bodi. Petro aliona aibu hadi jasho likamtoka.

Alfajiri nikaenda msikitini kama kawaida. Bwana Sefu alikuwepo, safu ya mbele. Imamu alipotoa salamu tu, yeye akainuka. Hakukaa kuvuta uradi, hakungoja dua, mtu ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kutoka. Nikajua anakwenda wapi. Nikavaa viatu nikamfuata, huku moyoni nasema, ee Mola, huyu ametoka mbele yako mbio kwenda kupasha moto uongo.

Nilipofika nilimkuta dereva wake amesimama mbele ya lori na hendeli mkononi, kile chuma cha kuzungushia injini, Bwana Sefu pembeni yake, na Mzee Bartolomayo ameketi juu ya bampa, miguu imefunika tundu la hendeli, anasali rozari yake bila haraka.

"Mzee, pisha kidogo," Bwana Sefu alikuwa akimbembeleza. "Kuna baridi. Tunataka kuiwasha ipate joto, mje muikute tayari."

Mzee akamaliza Salamu Maria aliyokuwa akiisema, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akajibu. "Bado. Mwanangu hajaja. Nataka aone inavyoinuka."

Nikasogea. Umande ulikuwa juu ya boneti, na chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwamsha Petro, aliyekuwa amelala ndani kwa Bwana Sefu, nikaanza kazi. Sasa fuata kila nilichofanya, maana magari yenu ya leo yana vifuniko vingi lakini damu na mapafu ni yaleyale.

Kwanza sikuwasha. Nilifungua kifuniko cha rejeta nikatazama maji. Juu yalikuwa na utando wa mafuta, una rangi rangi kama shingo ya njiwa. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili haikudondoka, ilining'inia nzito kama asali. Hiyo haikuwa oili ya injini. Ni oili ya gia, nzito, anayoitia mtu anayetaka kuziba sauti na kupunguza moshi. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, nikapitisha kidole kwa ndani. Kidole kikatoka na kitu cheupe, kizito, kama maziwa ya mgando. Hapo nikasita, na wewe usite pia: wakati wa baridi, gari la mwendo mfupi mfupi linaweza kufanya weupe kidogo kwa sababu ya umande wake lenyewe. Dalili moja usiihukumie. Lakini maji yana mafuta, na mafuta yana maji. Hao wawili wamekutana mahali wasipotakiwa kukutana.

Kisha nikashika hendeli, swichi imezimwa, nikazungusha polepole. Pistoni nzima ikipanda, hendeli inakukatalia mkono, unaisukuma, inakuachia. Ilinikatalia, ikaniachia. Ikanikatalia, ikaniachia. Halafu mara moja mkono ukapita tu, kama mtu aliyeegemea mlango usiofungwa. Nikarudia. Palepale, mkono ukapita. Silinda moja ilikuwa haina pumzi.

"Sasa washa," nikamwambia dereva.

Akazungusha. Akazungusha tena. Akavua shati. Lile gari ambalo jana lisingemwamsha hata mtoto mchanga lilikataa mpaka watu wa baraza wakatoka na vikombe vya chai mikononi kutazama. Liliposhika, mwanangu, liligonga kama mtu anayevunja kokoto. Nyuma ukatoka moshi mweupe, na ndani ya mweupe mna wa bluu. Mweupe mwembamba asubuhi ya baridi si kitu, hukatika baada ya muda mfupi. Huu haukukatika. Ulizidi, mzito, una harufu tamu ya maji yanayoungua. Bluu ni oili inayoliwa. Nikatazama kwenye rejeta: mapovu yanapanda moja baada ya jingine kama uji unaochemka, na maji yenyewe bado baridi. Ina maana pumzi ya silinda inatokea ndani ya maji. Ama gasketi imekufa, ama silinda hedi ina ufa. Nikainama ubavuni mwa injini, mahali palipopakwa rangi nyeusi mbichi, nikakwangua kwa ukucha. Chini ya rangi palikuwa na sabuni. Sabuni ya kufulia, mwanangu, imekandamizwa ndani ya ufa unaoweza kuufuata kwa kidole.

Yeye alijua. Mtu hapaki sabuni kwenye ufa asioujua.

Bwana Sefu akanishika mkono, akanivuta nyuma ya duka. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Saidi, mimi na baba yako tunasali safu moja. Hawa wanaondoka leo, wewe na mimi tutabaki hapa. Utaniaibisha kwa ajili ya hawa? Hata si wenzetu. Waambie ni gasketi ndogo tu. Na wewe sitakusahau."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia matusi ya sokoni, ya jeshini na ya kwenye siasa. Sijasikia tusi lililoniuma kama lile. Kwamba dini yangu, iliyonifundisha kwamba muuzaji anapaswa kuitaja kasoro ya mali yake kabla hajaulizwa, na kwamba akiificha, baraka ya mauzo yake inaondolewa, dini hiyo itumike kama kamba ya kunifunga mdomo! Kwamba Petro, niliyelala naye kwenye matope ya vita, ambaye Mungu mmoja ndiye aliyemuumba yeye na mimi, si mwenzetu, kwa hiyo kumwibia si kuiba! Nilichomoa mkono wangu.

Hata hivyo, nilipomrudia Petro, nilimsogelea sikioni. Nilitaka kumweleza kwa siri, tuage vizuri, tuondoke, mambo yaishe kimya kimya, baba yangu asije akakosana na jirani. Mzee Bartolomayo akaniona.

"Mbona unanong'ona?" akauliza kwa sauti. "Nani amelala?"

"Baba, nitawaeleza njiani."

"Njiani tutasikia sisi tu. Tukishaondoka, atakuja mwingine, atapandishwa kwenye hili roli, atalishwa pilau. Huyo nani atamnong'oneza?"

Alisema bila ukali. Lakini sijawahi kukaripiwa zaidi. Nikageuka, nikasimama palipo na watu, nikasema kwa sauti yote niliyopewa na Mungu: silinda moja haina pumzi, maji yanaingia kwenye oili, ubavuni kuna ufa umezibwa sabuni na kupakwa rangi, na oili ni ya gia. Nikawaambia anayetaka aje aguse. Wakaja. Kila mmoja akachovya kidole.

Bwana Sefu akaapa. Wallahi, wabillahi, watallahi, hajui lolote, labda ni dereva. Dereva masikini akatazama chini. Tulipomwonyesha sabuni, akaacha kuapa akashika njia nyingine. "Mbona hamkuniuliza? Mngeuliza ningesema. Mnunuzi si ana macho yake?"

"Jana Saidi alikuomba ipoe," Mzee Bartolomayo akamwambia. "Ukamwita polisi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Sefu akaacha kubishana, akashusha bei. Akaishusha tena. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoogopa kweli, maana nilimwona Petro anameza mate. Alilitamani lile lori. Alikuwa ameshaliona likishuka kilima cha kwao, watu wanapiga vigelegele. Akamgeukia baba yake, "Baba, kwa bei hii si tunaweza kulitengeneza?"

Mzee hakumkataza. Alisema tu, "Ng'ombe si wangu. Ni wa wadogo zako. Sema kama unavyoweza kwenda kuwaambia wao."

Petro aliweka mkono juu ya ile bodi ya kijani. Kisha akauondoa, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Bwana Sefu, asante kwa chakula. Sichukui." Wakaondoka kwa miguu. Niliwasindikiza mpaka kwenye kizuizi cha mbung'o, ambako yule mlinzi mwenye wavu wa kukamatia nzi kwenye magari aliwatafutia nafasi kwenye gari la serikali lililokuwa likielekea Ngara. Njia nzima Petro alikuwa analia bila sauti, na baba yake alitembea mbele ili asimwone.

Unadhani mji ulimsuta Bwana Sefu? Wengine, ndiyo. Lakini wengi walicheka wakasema ni mjanja, biashara ndivyo ilivyo, na mimi ndiye niliyeonekana mwenye kimbelembele. Baba yangu alikosa salamu ya jirani yake kwa muda mrefu, akavumilia, hakunilaumu hata siku moja. Mungu amlaze pema. Lile lori likapakwa rangi nyingine likauzwa upande wa ziwani, huko Nyamirembe, kwa watu ambao hawakujua. Nilisikia lilikufa njiani na pamba ya watu, mvua ikawanyeshea. Nilitaka kuwatafuta wenyewe. Sikuwajua. Hilo nalo bado linanikera, kwamba mjini walimwita mjanja, na wale walionyeshewa wakaitwa wajinga. Sioni ujinga wao ulikuwa wapi. Waliamini chakula cha mtu.

Wadogo zake Petro waliposikia habari yote, walicheka, wakamwambia kaka yao ng'ombe watanunuliwa wengine. Wakaoa, mmoja baada ya mwingine, nami nilihudhuria. Baadaye sana walipata lori kwa mzee mmoja Mhaya aliyekuwa anaacha biashara. Tulipofika kwake alitupeleka moja kwa moja kwenye gari, asubuhi, limelala, na kabla hatujavuka mlango alisema, "Ringi za pistoni zimechoka, linakula oili, na gia ya pili inaruka. Mengine yako sawa. Sasa tazameni." Tukatazama. Ilikuwa vilevile alivyosema. Wakalinunua wakijua wanachonunua, tukabadilisha ringi wenyewe, na lilibeba maharage ya Kasulo mpaka bendera ya Mwingereza ikashushwa. Namshukuru Mungu kwa yule mzee kuliko ninavyomkasirikia Bwana Sefu, na hasira yangu unaijua.

Kwa hiyo, mwanangu, mpigie simu huyo mtu wa Rusumo. Mwambie asikufuate. Nenda mwenyewe, ulale hukohuko hata kwa rafiki, ufike kwake mapema bila kumwambia saa. Weka mkono kwenye injini kabla ya kumpa mkono mwenye gari. Ikiwa ya moto, omba ipoe. Akikasirika, rudi nyumbani. Tazama maji, tazama oili, nusa, sikiliza inavyoamka, simama nyuma utazame moshi mpaka utakapojua rangi yake. Ingia nalo kilimani, maana tambarare hainyimi gari lolote heshima. Injini iliyooshwa sana iulize inaficha nini. Na chakula chake ukikaribishwa, kula baada ya kutazama, si kabla. Kukagua mali ya mtu si kumtukana. Anayetukana ni yule anayekutaka ufumbe macho kwa jina la adabu, na mbaya zaidi, kwa jina la Mungu.

Nalo la mwisho ni zito kuliko yote. Iko siku nawe utaliuza hilo gari. Atakuja kijana mwenye ng'ombe wa mtu mwingine mfukoni mwake. Mwambie kasoro kabla hajauliza. Awe Mwislamu, awe Mkristo, awe asiyesali kabisa, mwambie. Utapata pungufu, na kile utakachopata utakila ukiwa umetulia.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usiojificha. Akuwekee njia mbele yako, akulinde kwenye miteremko, akupe mali ambayo hakuna anayeililia. Na wale watakaopanda gari lako, wa dini yoyote, wafike makwao salama. Amina.